Wanafundishwa kuuguza, nani awafundishe kujikinga?

Asubuhi ya Oktoba 7, 2000, simu ilimfuata Dk Matthew Lukwiya jijini Kampala. Yeye ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, ila wakati huo alikuwa likizo ya masomo, akichukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii Chuo Kikuu cha Makerere. Habari ilikuwa mbaya: hospitalini umeingia ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wawili wa uuguzi wameshafariki, miili yao ikivuja damu.

Lukwiya alirudi Gulu bila kukawia. Alipitia mafaili ya wagonjwa, akaona dalili zinafanana mno, akafungua wodi ya kuwatenga kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kabla hata maabara ya Afrika Kusini haijatoa jibu. Jibu lilipokuja lilikuwa Ebola. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha mwaka 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 kati yao kufariki dunia.

Lukwiya alikuwa mkali wa vifaa vya kujikinga, akiwasimamia wenzake wavae kila kitu. Usiku mmoja wa Novemba aliitwa haraka kwa muuguzi mwenzao aliyekuwa akiugua, anahangaika kitandani na kutoka damu. Lukwiya alivaa gauni, kofia, barakoa na glavu. Macho yakabaki wazi. Inaaminika ndipo alipoambukizwa, na Desemba 5 akafariki.

Habari za daktari huyo zimeandikwa sana, na anastahili. Wale wanafunzi wawili hutajwa kwa sentensi moja, kisha simulizi linaendelea bila wao. Lakini walikuwa mahali ambapo kila mwanafunzi wa uuguzi wa Afrika Mashariki hupita: wodini, karibu na mgonjwa kuliko karibu kila mtu mwingine, bila mkataba wa kazi, bila mshahara, na bila uzoefu wa kujua ni wakati gani urudi nyuma hatua moja. Mwanafunzi ndiye anayetumwa kubadili shuka, kumpangusa mgonjwa aliyetapika, kumwaga bakuli la haja. Kazi za chini, kama zinavyoitwa, ndizo zenye majimaji mengi ya mwili.

Na kwa Lacor haikuwa mara ya kwanza kupoteza mtu kwa namna hii. Lucille Teasdale, daktari bingwa wa upasuaji kutoka Canada aliyeijenga hospitali hiyo pamoja na mumewe Piero Corti, aliambukizwa VVU akiwa kazini, akiwapasua majeruhi wa vita. Aligunduliwa mwaka 1985 na akafariki 1996. Alikuwa ameshika kisu kwa miongo kadhaa. Ikiwa mkono wa namna hiyo unaweza kujikata, mkono wa binti wa miaka 19 aliyeshika bomba la sindano kwa wiki ya pili unahitaji zaidi ya kuambiwa "uwe makini".

Ebola ina kelele. Ikija, waandishi huja nayo, mahema hupigwa, na mabuti ya mpira hupatikana hata pale ambapo mwezi uliotangulia hapakuwa na sabuni ya kunawia. Hatari inayomkuta mwanafunzi kila siku haina kelele hata kidogo.

Mtazame akiwa wodi ya wanaume, saa tatu asubuhi, wakati dawa zinagawiwa. Ametumwa kitanda namba 12. Anachoma vizuri, kwa pembe aliyofundishwa, anachomoa, anabonyeza pamba. Hadi hapo kafaulu. Sasa ana sindano yenye damu katika mkono wa kulia, na lile boksi la njano, wenyewe wanaliita sefti boksi, liko mezani kule mlangoni, vitanda 11 kutoka aliposimama. Mgonjwa anamuuliza kama dawa hii inalevya. Ndugu wa mgonjwa wa jirani anaomba njia apitishe uji. Mwanafunzi anafanya kile ambacho mikono hufanya yenyewe: anaokota kifuniko cha plastiki kwa vidole vya kushoto ili airudishie sindano. Mdomo wa kifuniko ni mwembamba. Sindano inagonga ukingo, inateleza, inaingia kwenye kidole cha shahada. Damu inatokeza ndani ya glavu, nukta moja nyekundu chini ya mpira mweupe. Anaangalia huku na huku kama kuna aliyeona.

Hesabu za hatari yake zinajulikana. Ikiwa mgonjwa ana VVU, na aliyechomwa hakutumia dawa ya kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika kila 1,000. Kwa homa ya ini aina ya C ni karibu 2 katika 100. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiye na chanjo, ni kati ya 6 na 30 katika 100. Hofu ya wodini imekaa kinyume kabisa na hesabu hizi. Kila mtu anaogopa VVU. Homa ya ini B, inayoambukiza kwa urahisi mara nyingi zaidi na ambayo kinga yake ipo kwenye kichupa, inazungumzwa kama jambo la kitabuni.

Mwaka 2002 WHO ilikadiria kuwa kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, kila mwaka takriban milioni 3 huchomwa au kukatwa na vifaa vyenye damu ya mgonjwa, na sehemu kubwa ya maambukizi yanayofuata hutokea katika nchi zinazoendelea. Ni makadirio ya zamani, lakini hayajapoteza maana, kwa sababu aliyechomwa na akanyamaza hahesabiwi popote. Wanafunzi hunyamaza sana.

Nitarudi kwenye kunyamaza. Kwanza chanjo ya homa ya ini B, maana hapo ndipo vyuo vinaweza kutenda kesho asubuhi bila kusubiri bajeti ya mtu. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Chuo kinachopokea wanafunzi Oktoba na kuwapeleka wodini Januari, huku kikisubiri waanze kwenda hospitali ndipo wachanjwe, kimewapeleka bila kinga. Dozi ya kwanza inapaswa kutolewa wiki ya usajili, pale pale wanapopimwa sare. Wapo watakaosema kwamba vijana wa leo walichanjwa utotoni, kwa kuwa chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kweli kwa wengi. Lakini kadi zimepotea, wengine walizaliwa mbali na kliniki, na kipimo cha kinga mwilini kinachofanywa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu ndicho kinachosema ukweli. Karo ya chuo inajumuisha kitambulisho, fulana ya michezo na picha za pasipoti. Chanjo ikiwekwa kwenye orodha ileile haitakuwa kitu cha ajabu.

Turudi kitanda namba 12. Chuoni mwanafunzi alifundishwa kwamba sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, na ikilazimu, kifuniko kilazwe kwenye trei na kuzolewa kwa mkono mmoja, bila vidole vya mkono wa pili kukaribia. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani akapata alama zote. Kilichomponza ni umbali. Boksi lilipaswa kwenda na trei hadi kitandani, likae upande wa mkono anaochomea, mdomo wazi, halijapita robo tatu ya ujazo wake. Mwalimu anayefundisha ustadi wa vidole bila kufundisha mahali pa boksi anamwachia mwanafunzi kazi ngumu zaidi ya mbili.

Kuna pia mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya matumizi, na mengine ambayo sindano hujirudisha ndani. Mwaka 2015 WHO ilizitaka nchi zihamie kwenye mabomba ya usalama. Pale yalipo, mwanafunzi hana sababu ya kufundishwa kwa bomba la kizamani. Pale ambapo hayapo, boksi la karatasi ngumu lililokaa mahali pake bado ni kinga kubwa kuliko mabango yote ya ukutani.

Glavu nazo zina historia ambayo ingefaa ifundishwe siku ya kwanza. Kati ya 1889 na 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore, Marekani, muuguzi wa chumba cha upasuaji aitwaye Caroline Hampton alikuwa akichubuka mikono kwa sababu ya dawa ya zebaki iliyotumika kuua vijidudu. Daktari wa upasuaji William Halsted aliiandikia kampuni ya Goodyear imtengenezee muuguzi huyo glavu nyembamba za mpira. (Mwaka 1890 walioana, lakini hilo ni la kwao.) Baadaye ndipo ilipotambulika kuwa zile glavu zinamkinga na mgonjwa pia. Kwa hiyo mwanzo wake katika hospitali hiyo ulikuwa ngozi ya muuguzi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kudai glavu ni kujipendelea anaambiwa jambo ambalo historia ya kifaa chenyewe inalikataa.

Miaka zaidi ya arobaini kabla ya hapo, Vienna, mwaka 1847, daktari Jakob Kolletschka alijeruhiwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakichunguza maiti. Alifariki. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, aliposoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wake aliona mabadiliko yaleyale yaliyokuwa yakiwaua akina mama wazazi, na hapo akaanza kuwalazimisha madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Somo la kunawa mikono lilichimbuka kwenye ajali ya kazini iliyomhusisha mwanafunzi. Siku hizi tunalifundisha kwa ajili ya mgonjwa peke yake, na tunasahau lilikotoka.

Glavu ina hila yake. Ikishavaliwa humpa mtu ujasiri ambao haujastahili. Utamwona mwanafunzi amevaa jozi moja tangu kitanda cha kwanza, anaandika kwa kalamu, anafungua mlango, anapokea simu, anarekebisha miwani. Ameshajipaka kila kitu. Walimu wazuri wana zoezi moja rahisi. Wanafunzi wanavaa glavu, wanapakwa rangi ya maji nyekundu viganjani, kisha wanaambiwa wazivue wakiwa wamevaa mashati meupe. Anayeanza kwa kuvuta ncha za vidole anarusha matone kifuani. Anayeingiza kidole chenye rangi chini ya pindo anabaki na mstari mwekundu kwenye kifundo cha mkono. Anayefaulu hushika glavu ya kwanza kwa nje karibu na kiganja, akaigeuza inapotoka na kuikunja kwenye kiganja cha pili, halafu akaingiza kidole kisicho na glavu chini ya pindo la ile iliyobaki, akaivua ndani nje, moja ikiwa tumboni mwa nyingine. Kisha anakwenda kunawa. Dakika tano za rangi zinafundisha kuliko saa nzima ya mhadhara, maana kila mmoja anaondoka na ushahidi kwenye shati lake.

Na kwa mgonjwa yupi? Hapa ndipo wodi inapoharibu kazi ya darasa. Tangu miaka ya 1980 msimamo wa kitaalamu umekuwa kwamba tahadhari ni kwa kila mgonjwa, awe amepimwa au hajapimwa, awe mzee wa kanisa au mlevi wa kilabuni. Wodini wanafunzi husikia tofauti: "Huyu ni msafi, huyu angalia." Hukumu hiyo hufanywa kwa macho. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa kirusi cha Marburg. Wagonjwa waliothibitishwa walifika 66, waliofariki 15, na walio wengi mno kati ya wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa hospitali za Kigali. Hawakuambukizwa kwa kukosa elimu. Kirusi kilikuwa kimelala kitandani kabla jina lake halijajulikana, katika eneo ambalo homa kali ikitokea, kinachoshukiwa kwanza ni malaria. Kagera, Tanzania, Machi 2023, ilikuwa hivyohivyo kwa kiasi kidogo: watu tisa waliugua, sita wakafariki, na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Siku ile ya kwanza, kabla ya maabara kusema neno, mhudumu hulindwa na mazoea ya jana na juzi.

Mazoea hayo mwanafunzi huyachukua kwa nani? Kwa aliyemtangulia. Mwalimu wa chuo huonana naye wodini mara chache. Sista wa zamu yuko naye kutwa. Sista akichoma bila glavu, mwanafunzi anajifunza kuwa wakubwa hawahitaji glavu. Sista akisema "hizo ni za kutolea damu tu, msizimalize", mwanafunzi anajifunza kuweka akiba kwa ngozi yake. Na kuna ile kauli ambayo nimeisikia kwa wauguzi wa umri mkubwa, na wanaisema kwa fahari halali: "Sisi tulizalisha mikono mitupu na bado tupo." Wapo, ndiyo. Wanaosema ni wale waliobaki.

Sitaki kumtupia sista lawama zote. Mara nyingi yuko peke yake na wagonjwa wanaozidi vitanda, glavu zimeletwa nusu ya zilizoombwa, na mwezi haujafika katikati. Anapobana matumizi anafanya hesabu aliyoachiwa na watu wasiovaa glavu. Lakini mwanafunzi anayesimama nyuma yake haoni bajeti. Anaona mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo, vyuo vinavyopeleka wanafunzi hospitali bila kukaa kwanza na masista wa wodi hizo vinafanya nusu ya kazi. Msimamizi wa wodi anapaswa kujua ni wanafunzi wa mwaka gani wanaokuja, wanaruhusiwa kufanya nini, na hawaruhusiwi nini bila mtu pembeni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana sababu ya kuingia peke yake chumba cha mgonjwa anayetapika damu. Hili linasikika dogo hadi ukumbuke Lacor.

Sasa kunyamaza. Mwanafunzi aliyechomwa kidole ana mambo ya kufanya kwa mfuatano, na yote ni mepesi. Avue glavu, anawe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asikamue. Asinyonye. Asimwagie jiki wala spiriti, kwani zinaunguza nyama bila kusaidia. Kama ni tone lililoingia jichoni, lisafishwe kwa maji mengi. Amwambie msimamizi, ijulikane ni damu ya nani, na aonane na mtoa dawa za kinga, PEP, haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 72. Dawa hutumika siku 28.

Yote hayo yamo kwenye madaftari. Yanayomzuia hayamo. Anaogopa kuulizwa "ulikuwa unafanya nini?" kwa ile sauti. Anaogopa kupimwa VVU katika maabara ambako mtoa majibu anamjua kwa jina na kesho watakutana kantini. Anaogopa kukosa sahihi kwenye kitabu chake cha mazoezi kwa kutumia asubuhi nzima kwenye foleni. Na ikiwa ameshinda hofu zote hizo akapewa dawa, anarudi nazo hosteli, chumba cha watu wengi, kopo la vidonge likilia chakachaka kila anapolifungua, na wenzake wanajua vidonge vya namna hiyo ni vya nini. Kwa binti ambaye ana mchumba kijijini na dada yake anasoma chuo hichohicho, siku 28 ni ndefu.

Somo la kujikinga lisilogusa hofu hizi limeishia mlangoni. Dawa yake ni ya utaratibu zaidi kuliko ya mawaidha. Kuwe na mtu mmoja wa chuo anayejulikana, mwenye simu iliyo wazi hata usiku, ambaye mwanafunzi anampigia kabla ya kumwambia mwingine yeyote. Kuwe na makubaliano na hospitali kwamba aliyechomwa hapangi foleni. Apimwe mahali asipojulikana kama atapenda. Sahihi za siku hiyo zihesabiwe. Vidonge vitiwe kwenye bahasha. Na kuripoti kwenyewe kufanyiwe mazoezi. Vyuo vinarudia mara kadhaa namna ya kumshtua mgonjwa aliyesimama moyo, jambo ambalo mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka bila kukutana nalo. Kusema "Sista, samahani, nimejichoma" ni jambo analoweza kulihitaji wiki ya kwanza, na hakuna anayemwambia alisemee wapi.

Hewa inahitaji somo la aina nyingine. Kifua kikuu hakichomi kidole. Hukaa hewani katika wodi iliyofungwa, na aliyevuta hajui. Mwaka 2007 watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, walionyesha kuwa wodi za kale zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari za juu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa mara nyingi zaidi kuliko majengo mapya, na dirisha lililofunguliwa lilizishinda hata mashine za kubadili hewa. Florence Nightingale aliitanguliza hewa safi katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uuguzi, kabla ya dawa na kabla ya chakula. Wodi zetu za zamani zenye varanda zina neema hiyo. Usiku, hata hivyo, wagonjwa hufunga madirisha, kwa baridi na kwa mbu, na wana haki. Mwanafunzi wa zamu ya usiku anahitaji kufundishwa kujadiliana nao: lipi libaki wazi, nani ahamishiwe mbali na upepo, neti ishushwe.

Afundishwe pia kwamba barakoa ya kawaida, ile ya buluu, kazi yake kubwa ni kuzuia matone ya anayeivaa. Anayekohoa ndiye avalishwe. Mhudumu anayekwenda kumhudumia mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji ile ngumu ya N95, iliyomkaa usoni bila mwanya. Na kijana mwenye ndevu aambiwe mapema kuwa ndevu zinaipa hewa njia. Kutoa sampuli ya makohozi kufanyike nje, mwanafunzi akisimama upande upepo unakotoka.

Mgongo hauna bango ukutani, ingawa ndio unaowatoa wauguzi wengi kazini mapema. Mtaalamu wa taasisi ya usalama kazini ya Marekani alipendekeza mwaka 2007 kwamba mtu mmoja asimwinue mgonjwa kwa uzito unaozidi kilo 16, hata katika mazingira mazuri. Mguu mmoja wa mtu mzima mwenye mwili mkubwa unakaribia hapo. Sisi hatuna winchi za kuinulia wagonjwa, lakini tuna shuka, na kumvuta mgonjwa juu kitandani kwa shuka iliyokunjwa chini yake, watu wawili wakihesabu pamoja, kunabadili kabisa mzigo unaofika kiunoni. Ndugu wa mgonjwa wapo karibu na wako tayari kusaidia wakielekezwa. Na kitanda kisichopanda wala kushuka kinadai mtu apige goti, jambo ambalo wanafunzi wa kike wenye sare za kubana hawawezi. Anayechagua mshono wa sare angewauliza waliozivaa.

Kuna hatari zisizotibiwa kwa sabuni. Ndugu mwenye hasira anayemshika mwanafunzi ukosi kwa sababu mwanafunzi ndiye aliyekuwa karibu. Mgonjwa anayewashikashika wahudumu. Mkubwa wa kazi anayesema sahihi atazitoa jioni, ofisini kwake. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja walio mafunzoni kwa jina, pamoja na wafanyakazi. Waliouandika walijua anayesubiri sahihi ni mtu wa kubanwa kirahisi. Chuo kikiamua kwamba kitabu cha mazoezi kisisainiwe na mtu mmoja, kimemnyang'anya mkubwa wa namna hiyo silaha yake.

Kisheria mwanafunzi amekaa katikati ya viti viwili. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008; Kenya ilipitisha sheria zake mbili za usalama na fidia mwaka 2007. Mantiki ya fidia inaanzia kwa mwajiri na mwajiriwa. Mwanafunzi hajaajiriwa na hospitali, na chuo hakimiliki wodi. Akiumia, kila upande una hoja ya kuutazama wa pili. Kabla ya kutafuta marekebisho ya sheria, ambayo yatachukua muda wake, karatasi ya makubaliano kati ya chuo na hospitali inaweza kutaja kwa majina nani analipia dawa, vipimo vya kufuatilia na matibabu. Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuiomba aisome.

Na ningependa kituo kimoja kiongezwe kwenye mtihani wa vitendo. Mwanafunzi akute mgonjwa wa kuigiza amelala, trei imepangwa vizuri, dawa imeshavutwa, na sefti boksi limejaa hadi mabomba yanachungulia mdomoni. Pembeni asimame mtahini anayeigiza sista mwenye haraka: "Fanya upesi, daktari anaanza raundi." Anayechoma, hata akichoma kwa ufundi gani, asipate alama. Anayesema, "Samahani sista, naomba kwanza boksi jipya," apate zote, na haijalishi sauti yake imetetemeka kiasi gani. Mtahini wa kituo hicho asitoke chuoni. Atoke wodini, awe mmoja wa wale wanaowasimamia wanafunzi kila siku, ili naye alisikie ombi hilo kutoka kwa darasa zima kwa asubuhi moja na alijibu kila mara kwa kwenda kabatini kulichukua.